Nimetafuna Kahawa na Nahodha, Je, Mguu Bado ni Wangu?

Mpendwa Ma Renatha, kabla sijaomba msaada naomba kwanza usitaje jina langu, na kama barua hizi zinasomwa pia redioni basi nakuomba sana yangu isisomwe saa za mchana, maana mama husikiliza redio akimenya ndizi na mimi nitakuwa nimekaa papo hapo na sitajua uso niuweke wapi.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne na nasubiri kupangiwa shule, naishi na mama hapa Kagoma, Muleba, na ni mtu wa aibu, si ile aibu ya heshima ya kuinamisha macho mbele ya wakubwa, ni aibu ya kwamba mwalimu akiita majina nilikuwa nainua mkono ili sauti isitoke. Uwanjani tu ndiko siogopi, kwa sababu uwanjani hakuna anayekutaka useme kitu, unakimbia, unafunga, wanakurukia mgongoni, mnarudi kati. Nachezea timu yetu ya Wakulima iliyo ligi ya mkoa, navaa jezi namba tisa, na msimu huu nimefunga karibu kila mechi. Sisemi kwa majivuno, nasema ili uelewe kwa nini haya yote yamenikuta.

Anayenipa pasi ni nahodha wetu Privatus. Ana miaka ishirini na kitu, ana mabega kama mlango, na hatujawahi kuongea sana, yeye akinyanyua kidevu kidogo tu mimi nimeshaanza kukimbia na mpira unanikuta mbele. Baba yake ni Ta Rugaibula, mwenyekiti wa timu, ambaye uwanja tunaochezea aliutoa kwenye ardhi yake pembeni ya kibanja, shamba lake la migomba na kahawa, ndiyo maana ukipiga mpira nje unaingia kwenye mibuni na mechi inasimama mpaka upatikane, na refa akilalamika Ta Rugaibula anamwambia, "Waitu, hata wewe unaweza kuingia kuutafuta."

Sasa mwezi uliopita alikuja kocha mmoja wa Bukoba mjini, anaitwa Byabato, timu yake iko ligi ya juu yetu. Alisimama karibu na pikipiki yake kipindi chote cha pili bila kukaa, nikafunga mawili, akanifuata nikiwa nafungua viatu. Akasema, "Kijana, nilikuja na karatasi ya kukuita kwenye majaribio, nimeichana, majaribio nimeshayaona. Utakuja tukusajili?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Una uhakika?" Nikasema ndiyo, kocha. Ma Renatha, ningesema nini, mtu mzima ametoka mjini, ana filimbi shingoni, anakuangalia usoni. Na moyoni nilitaka kweli, lakini hata kama nisingetaka ningesema ndiyo vilevile, na hilo ndilo tatizo langu.

Maana nimezoea kuitika. Shule ya msingi nilisomea Bukoba, nikiishi Nyanga kwa mjomba, shule ya Kiingereza, nyumbani kwa mjomba Kiswahili, na Kihaya nilikisikia likizo tu. Nilipohamia huku kwa mama nikakuta kila mtu anaongea Kihaya na mimi nakielewa nusunusu, cha sokoni na cha kuitwa kula nakielewa, lakini wazee wakianza kile cha kwao cha ndani mimi nabaki natabasamu, nasema "Ego, waitu," yaani ndiyo, kwa heshima, na mara nyingi inatosha, wanafurahi, wanasema mtoto wa Judica, ndiye mama, ana adabu. Kwenye timu wananiita Nyanga kwa sababu hiyo. "Wee Nyanga, tafsiri ya kona kwa Kihaya ni nini?" Nacheka tu.

Habari za Byabato zilifika kijijini kabla mimi sijafika nyumbani. Jumapili iliyofuata Ta Rugaibula akaniita kwake wao wakitoka misa na sisi tukitoka ibada, nikafikiri ni kikao cha timu, kumbe nimekuta wazee wanne wamevaa kanzu na makoti, meza imejaa, ndizi na samaki na maharage, na mimi nimewekwa kiti kimoja na Privatus. Tukala. Kisha kikaletwa kijikapu cha kahawa ya kutafuna, na hiyo mimi naifahamu, ukienda nyumba yoyote unapewa, unachukua chache, unatafuna, unashukuru. Lakini safari hii Ta Rugaibula hakunipitishia kikapu. Alichagua tunda moja tu, akalipasua kwa ukucha, mle ndani punje mbili zimelala kama mapacha kitanda kimoja, akampa Privatus moja na mimi moja, halafu akasema maneno marefu ya kile Kihaya cha ndani, polepole, akinitazama mimi, na alipomaliza akanyamaza kama mtu anayesubiri. Nikatabasamu. Nikasema "Ego, waitu." Nikatafuna. Akina mama wakapiga vigelegele nyuma ya nyumba, wazee wakapiga makofi, mmoja akanishika kichwa, na mimi nikafikiri wanatuombea ushindi mechi inayofuata.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani. Akaniuliza, "Umekula kahawa kwa Rugaibula?"

"Ndiyo, mama."

"Ngapi?"

"Nusu."

Akaweka kisu chini. "Nusu nyingine kala nani?"

"Privatus."

"Yesu wangu. Na waliposema ukaitika?"

"Niliitika, mama. Walikuwa wananisubiri."

Mama akacheka, halafu akaacha kucheka, akakaa kwenye kigoda. Akaniambia ile si kahawa ya kukaribisha mgeni, ile ni ya omukago, ya kufanya watu wasiozaliwa pamoja wawe ndugu, zamani walichanja na damu wakaipaka kwenye punje, siku hizi damu hakuna lakini wazee wa huku wanaihesabu vilevile, na ndugu wa namna hiyo humkimbii vitani, ukimkimbia mwili wako wenyewe unakugeuka, tumbo linavimba, mguu unakufa ganzi. Nikamuuliza, "Vita gani, mama?" Akasema, "Ligi, mwanangu. Kwa Rugaibula ligi ndiyo vita."

Ma Renatha, mimi ni mtoto wa Kilutheri, nimesoma baiolojia na nilifaulu, najua kahawa ni kahawa. Lakini usiku ule tumbo liliunguruma. Nilijiambia ni samaki.

Mazoezini ndiyo ikawa balaa. Mlinda mlango wetu Kyaruzi hawezi kuacha kitu kipite, isipokuwa mpira. Nikitaka kupiga shuti anapiga kelele, "Nyanga! Huo mguu wa kushoto sasa ni wa ukoo wa Rugaibula, omba ruhusa kwanza!" Wote wanaanguka kwa kicheko, na mimi nacheka nao, ila ndani sicheki. Na mechi iliyofuata, sijui niieleze vipi, kipa wao alikuwa ameshalala chini, goli tupu, mpira uko kwenye mguu wangu wa kushoto kama yai, na badala ya kupiga niligeuka nikamwangalia Privatus. Niligeuka nikamwangalia kama mtoto anayeomba kwenda chooni. Beki akaja akauchukua. Tulitoka sare, na sasa lazima tushinde mechi ya mwisho Jumapili ijayo ndipo timu iende kwenye fainali za mabingwa wa mikoa, kitu ambacho Kagoma haijawahi kukiona.

Watu wa kijiji hawakunizomea. Laiti wangenizomea. Walisema, "Pole, omwana, utafunga nyingine."

Lakini hata hilo silo linaloniumiza zaidi, sasa ndiyo nafika kwenye lenyewe. Ni Privatus. Yeye ameichukua kweli. Siku tatu baada ya ile kahawa upepo uliangusha migomba yetu, tata, yaani baba, yuko kisiwani Bumbire kwenye dagaa, simu yake haishiki mtandao mpaka apande jiwe fulani, basi nikaamka nikamkuta Privatus kibanjani kwetu na miti ya kuegemezea, anasimamisha migomba, hajaitwa na mtu. Amemletea mama mkungu. Amenifundisha kukata majani makavu bila kuumiza shina. Ananiita ndugu yangu mbele za watu kwa sauti ile yake nzito, na hanidai kitu, hajawahi kuniuliza habari za Bukoba hata mara moja. Mimi ni mtoto pekee, Ma Renatha, sijawahi kuwa na kaka. Juzi tulikuwa tunakula miwa tumekaa kwenye shina lililoanguka, akasema tu, "Mimi wale wa mjini hawakuniuliza, unajua. Hata jina hawakuniuliza." Hakusema kwa wivu, alisema kama mtu anayesema mvua haikunyesha. Nilitaka kumwambia kuwa nimemwitikia Byabato, nikasema, "Miwa hii ni mitamu." Akasema, "Ndiyo."

Dirisha la usajili linakaribia kufungwa na Byabato anapiga simu kwa mama, mama anasema atakayejibu ni mimi, na yeye mama ananiuliza kila siku kama nitaendelea na kidato cha tano na nimemwambia ndiyo. Kwa hiyo nimesema ndiyo kwa Byabato, ndiyo kwa wazee, ndiyo kwa mama, na mwili ni mmoja. Nikienda, nitakuwa nimemkimbia mtu aliyenisimamishia migomba. Nikibaki, nitakaa nikiangalia barabara ya Bukoba maisha yangu yote. Je, ile kahawa imenifunga? Je, timu inaweza kumbakisha mchezaji namna ile? Na je, mguu unaweza kufa ganzi kweli, au ni mimi tu? Nisaidie, nimejaribu kuongea na watu na nimeishia kutabasamu.

Ni mimi namba tisa, Kagoma.

*

MA RENATHA ANAJIBU

Mwanangu, tuanze na hili ili nilimalize: unaniomba nifiche jina lako, halafu unaweka sahihi ya namba ya jezi, timu na kijiji? Kagoma nzima ina namba tisa wangapi? Nimekubadilishia namba, kijiji, jina la timu na majina ya watu wote, na barua hii haitasomwa redioni mchana. Mama yako atamenya ndizi zake kwa amani. Wewe utamwambia mwenyewe, nitakueleza lini.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale pa samaki. Mara ya pili nilifika kwenye miwa nikaacha kucheka. Pole sana. Umebeba mzigo wa watu wazima wanne peke yako, na umeubeba ukitabasamu, ndiyo maana hakuna aliyejua kuwa ni mzito.

Sasa nisikilize. Mimi ni Mhaya, na babu yangu alikuwa na ndugu wa kahawa. Unajua ndugu yake huyo aliishi wapi? Karagwe. Babu alikuwa akipeleka chumvi na kurudi na ng'ombe, na njiani kulikuwa na watu wasiomjua, na usiku, na mvua. Alitafuna kahawa na mtu wa kule ili akifika awe na mlango wa kubisha, kitanda cha kulala, na mtu wa kusema, "Huyu msimguse, ni ndugu yangu." Umenielewa? Omukago ulikuwa wa watu wanaoondoka. Hakuna aliyehitaji ndugu wa kahawa ili abaki kwao akiangalia kibanja chake. Waliokueleza kwamba ile punje imekufunga mguu pale Kagoma wameishika desturi kichwa chini miguu juu.

Halafu kuna jambo la pili, na wazee wale wanalijua kuliko mimi. Undugu ule hauombwi kwa mtu asiyeelewa anachoulizwa. Mtu huelezwa, huulizwa, hupewa muda wa kufikiri, na anaweza kukataa bila ugomvi. Wewe uliwekwa kitini ukiwa na njaa na aibu, ukasemeshwa Kihaya cha mababu, ukaitika kama unavyoitika sokoni. Hiyo si ahadi. Hilo ni tabasamu tu. Mguu wako haujafa ganzi na hautakufa. Tumbo lako liliunguruma kwa sababu ulikuwa unaogopa, na likiendelea baada ya Jumapili nenda zahanati ukapimwe minyoo kama mtoto mwingine yeyote.

Lakini usifurahi haraka, nakuja kwako. Huna kosa la kutojua Kihaya. Kosa lako ni kuona afadhali kijiji kizima kidanganyike kuliko wewe kuona haya kwa dakika moja. "Samahani, wazee wangu, hayo sikuyaelewa, naomba mnieleze kwa Kiswahili." Maneno hayo yangekugharimu nini? Wangekucheka kidogo, Ta Rugaibula angerudia, na leo usingekuwa unaniandikia. Mtu anayesema ndiyo kwa kila mtu hana tofauti na asiyesema kitu. Na usinidanganye kwamba huwezi kusema. Umeniandikia kurasa nne mbele na nyuma, na hakuna sentensi uliyoshindwa kuimaliza.

Na wewe, Ta Rugaibula, najua gazeti hili linafika kijijini kwako, na najua jina nimelibadilisha lakini utajifahamu kwa ile mibuni. Sikuiti mtu mbaya. Mtu anayetoa ardhi yake ya kahawa iwe uwanja wa watoto wa wengine si mtu mbaya. Umeogopa, na mtu akiogopa hushika alichonacho karibu, wewe ukashika kikapu. Lakini waitu, wewe ni mkulima. Shina la mgomba unaliachaje? Unaacha mama, mtoto na mjukuu, ili mkungu wa mama ukikatwa mtoto awe ameshasimama. Kwenye timu yako umeacha mama peke yake. Yuko wapi kijana wa miaka kumi na minne anayejifunza nyuma ya huyu? Timu ndogo inaweza kumbakisha mshambuliaji wake, ndiyo, inaweza, msimu mmoja, pengine miwili, ikienda nyumbani kwa wazazi wake mchana kweupe ikasema: hiki ndicho tulicho nacho, shule yake tutaifuata hivi, akiumia tutamtibu hapa. Na ikishindwa na timu kubwa, imuage vizuri, idai haki yake ya kuwa imemlea, na imlee mwingine. Kumbakisha kwa kumtia hofu ya tumbo lake mwenyewe, hapo huna tena mshambuliaji. Uliona mwenyewe: goli tupu, na mtoto anageuka kuomba ruhusa.

Sasa, mwanangu, utafanya hivi, na utafuata mpangilio huu, usianze na lililo rahisi.

Utaanza na Privatus. Kabla ya baba yake, kabla ya Byabato, hata kabla ya mama. Usimwite mkae mkitazamana, utatabasamu tena. Mwendee kibanjani, mkiwa mmeshika kazi, yeye upande ule wa mgomba na wewe upande huu, na umwambie mambo mawili. La kwanza, kwamba siku ile hukuelewa ulichoitikia. Litamuuma. Liache limuume, usilipake asali. La pili, kwamba sasa umeshaelezwa maana yake, na kama yeye bado anautaka undugu huo, na wewe unautaka, kwa kinywa chako na kwa lugha unayoielewa. Maana unautaka. Umeniandikia swali kuhusu kahawa, lakini barua yako yote ni ya kijana aliyepata kaka na hajui kama ana haki ya kuwa naye. Kisha mwambie habari za Bukoba. Ndugu ndiye anayeambiwa kwanza. Akinuna, mwache anune, ndugu hununa. Akikaa siku mbili hajaja kwenu, nenda wewe kwao. Safari hii wewe ndiye uwe na mti wa kuegemeza.

Baada yake, mama. Mwonyeshe gazeti hili kama mdomo utagoma. Na baba yako arudi kutoka Bumbire, atumiwe salamu na mtumbwi wa kwanza kama simu haishiki. Huna umri wa kusaini chochote peke yako, kwa hiyo ile ndiyo yako kwa Byabato haina uzito kisheria, na namshangaa kocha mzima kuichukua kwa kijana anayefungua viatu. Byabato apande pikipiki yake tena, safari hii aje nyumbani, akae kwenye kiti, ale ndizi, aulizwe mbele ya wazazi wako wote wawili: huyu atasoma kidato cha tano wapi, atalala kwa nani, na siku goti likipinda nani atakaa naye hospitali? Akijibu yote vizuri na yakaandikwa, nenda. Nasema wazi ili usije ukaniandikia tena: nenda. Unao mjomba Nyanga, una kitanda kule tayari. Akijibu shule kwa maneno ya "tutaangalia," basi hujapoteza kitu, ubaki Kagoma, usome, na mwakani wataongezeka wanaokutafuta.

Mwisho wa yote ndipo mwende kwa Ta Rugaibula, wewe na wazazi wako, na Privatus akikubali aandamane nanyi. Usiende mikono mitupu. Nenda na kahawa, ya kwenye mibuni ya kwenu. Mpe mzee kwa mikono miwili, mwambie kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya nyumba waliko wapiga vigelegele, kwamba unamshukuru kwa uwanja, kwamba hukuelewa maneno yake, na kwamba unaomba akueleze upya. Atakueleza. Namjua mtu wa namna hiyo, atakueleza mpaka jua lizame. Umsikilize. Na pale utakapokuwa hukubaliani, sema hapana. Neno fupi tu. Kakae nalo kibanjani ulizoee.

Privatus wale wa mjini hawakumuuliza jina. Basi wewe ukifika, uwatajie. Na siku akija Bukoba kwa jambo lolote, hata kununua kamba, alale kwenu Nyanga, ale kwanza yeye, na mtu akiuliza huyu mgeni ni nani, ujibu bila kuinamisha kichwa. Hiyo ndiyo kahawa uliyoitafuna. Ndivyo ilivyokusudiwa tangu siku za chumvi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kabla yake kuna Jumapili. Timu iliyokulea ina mechi moja ya kwenda mahali ambapo haijawahi kufika, na deni lake unalilipa kwa miguu, si kwa kubaki milele. Kyaruzi atapiga kelele golini, mwache, ni kazi yake. Privatus atanyanyua kidevu. Wewe kimbia. Na mpira ukikukuta mbele, mguu wa kushoto, goli tupu, usigeuke kumwangalia mtu.

Piga.